Mzigo mpya katika duka la familia la mapambo ya nyumbani: tunachukua kitu, au tunachukua mpangilio wake?

Mleta mada

Wakuu, salamu. Nafungua uzi huu kwa ajili ya wale ambao, wakisikia kwamba mzigo mpya umeingia katika duka la mapambo linaloendeshwa na familia, huenda kutazama, hutoka na kitu mkononi, kisha hushangaa kwa nini kitu kilekile kilichong'ara dukani kimepooza mara tu kilipofika sebuleni. Hoja yangu ni moja: katika duka la aina hii, kinachovuta macho mara nyingi si kitu chenyewe bali uhusiano wake na vitu vilivyokizunguka, na uhusiano huo ndio wa kuusoma kwanza kabla ya kutoa pochi.

Nimetaja duka la familia kwa makusudi. Duka kubwa lenye matawi hupangwa kwa kufuata mchoro uliotoka makao makuu, na kitu kimoja hurundikwa kwa mamia. Katika duka la familia, yule aliyeichagua taa mara nyingi ndiye aliyeiweka juu ya ile meza, na ndiye atakayekuuzia. Bidhaa huingia chache chache, wakati mwingine moja tu ya aina yake, na zote zimepita mbele ya macho ya watu wawili au watatu wanaoishi pamoja na kubishana kuhusu ladha kila siku. Hiyo ni faida kwa mnunuzi, kwa sababu ukiuliza kwa nini chombo hiki kimewekwa kando ya kitambaa kile, yupo mtu wa kukujibu. Ni mtego pia, kwa kuwa duka limeshapangwa kwa miaka mingi likafikia hali ambayo karibu kila kitu kinachoingizwa humo kinapendeza.

Mtego wa kwanza ni mwanga, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hulaumu rangi ilhali kosa ni la taa. Rangi ya mwanga wa taa hupimwa kwa kelvini. Taa ya kelvini 2,700 hutoa mwanga wa manjano tulivu; ya kelvini 4,000 huwa nyeupe; na kuanzia 5,000 kwenda juu mwanga huanza kuegemea buluu. Duka lililowasha taa za 2,700 juu ya mito ya rangi ya udongo na mbao za kahawia linaionyesha mbao kwa upole ambao hutaupata nyumbani chini ya taa nyeupe ya dari. Kuna na kipimo cha pili, kile kinachoonyesha taa inavyofichua rangi halisi za vitu, ambacho kilele chake ni 100. Taa nyingi za bei nafuu huishia karibu na 80, na chini ya mwanga wake nyekundu huonekana kama imefifia. Taa za 90 na zaidi hufichua rangi vizuri zaidi, na maduka yanayojali kazi yao huzitumia. Vitambaa viwili vinaweza kulingana kabisa chini ya taa ya duka, kisha vikaachana mchana dirishani, kwa sababu kila rangi iliyotiwa kwenye kitambaa hurudisha mwanga kwa namna yake. Kwa hiyo nashauri ombi moja lisilo la aibu: omba ruhusa ya kukibeba kitu hadi mlangoni ukione kwa mwanga wa jua, au omba kipande cha sampuli uende nacho. Duka la familia kwa kawaida halikatai.

Mtego wa pili ni ukubwa. Dari la duka aghalabu liko juu kuliko la nyumbani, sakafu ni pana, na kochi halina ukuta unaolibana pande zote. Chombo cha maua kinachoonekana cha wastani pale kinaweza kuitawala meza yako yote. Utepe wa kupimia ni kifaa cha mapambo kama vingine, ingawa hakuna anayeuweka kwenye rafu.

Baada ya hayo ndipo tutazame kilichofanywa na yule aliyepanga. Simama mbele ya kona iliyokuvutia, kisha jiulize: vitu ni vingapi, kipi ni kirefu, kipi kinang'aa na kipi haking'ai, rangi ipi imerudiwa na imerudiwa wapi? Mara nyingi utagundua kwamba kilichokuvutia ni kitu kikavu kilichowekwa kando ya kitu laini, kwa mfano kikapu cha nyuzi ngumu chini ya kitambaa cha kitani kilichoachwa kianguke bila kukunjwa. Inawezekana kikapu unacho tayari. Pengine unahitaji kitambaa tu, au huhitaji kununua chochote bali kuhamisha ulivyonavyo.

Wenye maduka, mafundi na wanunuzi wenzangu, karibuni mchangie. Ningependa hasa tuzungumzie bidhaa mpya kwa kuzishika, na si kwa kutazama picha peke yake.

Jora Moja

Ahsante mleta mada. Mimi ni mmoja wa hao wenye duka la familia. Tunauza vitambaa vya mapazia, foronya na mazulia machache. Nakubaliana nawe kuhusu mwanga, na naongeza jambo ambalo wateja hulijua wakiwa wamechelewa: kitambaa cha rangi hiyohiyo, kutoka kwa mtengenezaji huyohuyo, kinaweza kutofautiana kutoka mkupuo mmoja wa kutia rangi hadi mwingine. Mtu hununua mita za dirisha moja, hupendezwa, hurudi baadaye kwa ajili ya dirisha la pili, na pazia zikitundikwa jirani tofauti inaonekana hata na mtoto. Kwa hiyo ukipenda kitambaa kilichoingia sasa hivi, pima madirisha yote ya chumba na ukate kutoka jora moja.

Kuhusu vipimo, pazia lenye mikunjo inayojaa linahitaji upana wa kitambaa ulio mara mbili hadi mbili na nusu ya urefu wa bomba la kutundikia pazia. Wanaopunguza hapo hupata pazia lililotanda kama shuka, na hakuna bitana itakayoliokoa. Bomba lenyewe tunashauri lifungwe sentimita 10 hadi 20 juu ya fremu ya dirisha na lizidi fremu kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani na kuacha kioo wazi. Watu wakiona dukani kwetu madirisha yanayoonekana marefu hudhani ni kitambaa, kumbe ni mahali bomba lilipofungwa.

Na kwa wanaokuja kutafuta kitani, ambacho mwaka huu kinaulizwa sana dukani kwetu: kitani hurudi, yaani husinyaa, kikifuliwa. Kifue kabla ya kukatwa, au mwambie fundi aache upindo mpana chini. Mikunjo yake haiishi kwa pasi, na anayeichukia afadhali achague kitambaa kingine mapema kuliko kupigana nayo.

Ukuta Mweupe

Ndugu zangu, nimesoma kwa makini, lakini naomba nipinge kidogo. Haya maduka madogo huuza ghali, na vitu vyenyewe siku hizi vinapatikana mtandaoni vikiwa na picha nzuri na maelezo marefu. Kwa nini nisumbuke kwenda kusoma uhusiano wa vitu ilhali picha inaonyesha uhusiano huo bure? Sababu ya pili ya kuuliza ni kwamba sebule yangu ina kuta nyeupe, kochi la kijivu na zulia la kijivu, na kila picha ninayoiga inaniacha na sebule ileile ya kijivu yenye kitu kipya katikati.

Mleta mada

Mkuu Ukuta Mweupe, pingamizi lako ni la haki na sitalikwepa. Bei ni kubwa mara nyingine, na si kila duka la familia lina jicho zuri. Yapo yanayorundika kila kilichopatikana kwa muuzaji wa jumla na kukiita mkusanyiko mpya. Lakini picha hupigwa kwa mwanga uliorekebishwa, kwa kamera inayotanua chumba, na haikupi uzito wala mguso. Tatizo la sebule yako nahisi liko hapo hapo. Kijivu kwenye kijivu si kosa. Chumba cha rangi moja kinaweza kupendeza sana, lakini ni lazima nyuso zitofautiane, kwa sababu rangi imeacha kufanya kazi ya kutenganisha vitu. Kama kochi lako ni laini bapa, zulia ni laini bapa na mapazia ni laini bapa, jicho halina mahali pa kushika. Hicho ndicho kitu ambacho picha haikuonyeshi na mkono hukigundua mara moja.

Nikiwa mahali pako ningeenda dukani nikiwa nimebeba foronya moja ya kochi hilo, kisha ningetafuta vitu vitatu visivyofanana nayo kwa mguso: kitu kilichofumwa kwa nyuzi nene, kitu cha mbao isiyopakwa rangi, na kitu kimoja kinachorudisha mwanga. Rangi ningeiacha kwanza.

Dada wa Mazulia

Naomba niingie hapo kwenye zulia, maana ndilo eneo ambalo mnunuzi hudanganywa kwa urahisi zaidi, hata na muuzaji mwaminifu asiyejua alichoagiza.

Zulia jipya likitandazwa mbele yako, usitazame uso wake kwanza. Ligeuze. Zulia lililofungwa mafundo kwa mkono huonyesha nakshi upande wa nyuma karibu kwa uwazi uleule wa mbele, na ukitazama kwa karibu utaona mafundo madogo yasiyolingana kabisa, moja nene kidogo, jingine limeegemea upande. Shada za mwishoni ni muendelezo wa nyuzi za mtande zenyewe, zile zinazopita kwa urefu wa zulia. Zikiwa zimeshonewa juu ya ukingo kama pambo, basi zulia hilo limefumwa kwa mashine. Ukikuta nyuma kuna kitambaa kigumu kilichogandishwa kwa gundi, hilo ni zulia ambalo nyuzi zake zimechomekwa kwa kifaa cha mkononi na kushikwa na gundi hiyo. Si baya, na linaweza kupendeza sana, lakini gundi huzeeka na kuanza kumwaga unga, hivyo lisiuzwe kama lile la mafundo.

Nyuzi nazo zina tabia zake. Sufu ina mafuta ya asili yanayozuia uchafu usiingie haraka, na hairahisishi moto kushika. Miezi ya mwanzo itapukutisha manyoya na hilo si dosari. Juti ni laini mguuni ila haipendi maji, na doa la unyevu huacha duara la kahawia. Mkonge ni mgumu zaidi na unastahimili kukanyagwa, ingawa mtoto anayetambaa hataufurahia. Kuwa mwangalifu na zile nyuzi zinazong'aa kama hariri ambazo zimetengenezwa kutokana na rojo la mbao: zinavutia sana chini ya taa za duka, lakini maji peke yake yanaweza kuziachia alama na kuzilaza.

Ukubwa nao nisiusahau. Zulia dogo lililowekwa katikati bila kuguswa na samani yoyote hukifanya chumba kionekane kidogo kuliko kilivyo. Angalau miguu ya mbele ya makochi ikae juu yake. Kabla ya kununua, bandika utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni kwa vipimo vya zulia unalolitaka, uuache ukiwa unapita juu yake kwa siku chache.

Mpenda Mbao

Nimefurahishwa na hilo la kugeuza zulia, kwa sababu sisi wa samani tunasema vilevile: geuza. Meza ndogo ya pembeni ikiingia dukani, tazama ukingo wake. Mbao halisi huonyesha mistari ya juu ikiendelea kushuka ubavuni, na kwenye kichwa cha ubao utaona sehemu za zile duara za ukuaji wa mti. Mistari ikikatika ghafla ukingoni, kuna ganda jembamba la mbao lililobandikwa juu ya ubao ulioshindiliwa. Ganda hilo si la kudharauliwa, kwa sababu mbao nzima hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kulingana na unyevu wa hewa, na ganda lililobandikwa vizuri hutulia zaidi. Kibaya ni kulipia kimoja ukapewa kingine.

Kitu kingine kinachochanganya watu kwenye mizigo mipya ni henzirani na mwanzi. Henzirani ni mmea unaotambaa wa jamii ya michikichi, una moyo uliojaa na hupindika ukipashwa mvuke. Mwanzi ni jamii ya nyasi na ndani una uwazi. Kiti chenye mikunjo mikali kinachobonyea kidogo bila kulia ni henzirani. Kwa wanaopenda historia, kiti namba 14 cha fundi samani Michael Thonet, kilichotoka mwaka 1859, kilikuwa na vipande 6 vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, skrubu 10 na nati 2, na viti 36 vilivyofunguliwa viliweza kuingia katika sanduku la mita moja ya ujazo. Naeleza haya kwa sababu viti vya mtindo huo vinaendelea kuletwa madukani hadi leo, na ukivishika utaelewa mara moja kama aliyeviiga alielewa uzuri wake. Kiti cha namna hiyo kikiwa kizito, kuna mtu hakuelewa.

Ukuta Mweupe

Mmenishawishi kwa sehemu. Nimekwenda katika duka moja la familia nikiwa na foronya yangu. Wamenionyesha kioo cha zamani chenye fremu ya shaba ya manjano, chombo cha maua cha udongo usiong'aa, na blanketi la sufu nyeupe lililofumwa kwa nyuzi nene. Muuzaji, mama wa makamo, alivipanga vyote vitatu juu ya benchi pamoja na foronya yangu na kwa kweli nilisimama kimya. Sasa maswali. Kioo kina madoa meusi pembeni. Je, nikinunue? Na nitajuaje kama hiyo ni shaba kweli? Mwisho, mke wangu anasema tufuate ile kanuni ya asilimia 60 rangi kuu, 30 rangi ya pili na 10 rangi ya kuchangamsha. Mnaionaje?

Mleta mada

Mkuu, umefanya vizuri kumwachia mama huyo apange mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo thamani ya duka lake ilipo. Nianze na kioo. Vioo vingi vya namna tunayoijua vina utando mwembamba wa fedha nyuma yake, kazi iliyotokana na njia aliyoieleza mkemia wa Kijerumani Justus von Liebig mwaka 1835. Unyevu ukipenya ukingoni, fedha ile huathirika na kuwa nyeusi. Hakuna dawa ya kuifuta, na kuipaka upya ni kazi ya fundi maalumu. Kama unakitaka kioo kwa ajili ya kunyolea ndevu, kiache. Kama ni kwa ajili ya kurudisha mwanga sebuleni, madoa hayo yanaweza kuwa ndiyo uso wenye uhai tuliokuwa tunautafuta. Usikitundike tu kikitazamana na ukuta mtupu, maana kitakurudishia ukuta mtupu wa pili. Kielekeze dirishani au kwenye taa.

Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na sumaku haiinasi. Beba sumaku ndogo, na ikinata ujue ndani kuna chuma kilichopakwa. Rangi iliyofifia juu yake usikimbilie kuisugua, kwani ikishaondoka huchukua muda mrefu kurudi.

Chombo cha udongo kijaribu kabla ya kukiamini: kijaze maji, kiweke juu ya karatasi usiku mzima. Udongo uliochomwa kwa moto mdogo na kuachwa bila utando unaong'aa huvujisha unyevu polepole na utaharibu meza. Ule uliochomwa kwa nyuzi 1,200 za Selsiasi na zaidi kwa kawaida hushikamana vya kutosha. Kama kinavuja, kitumie kwa matawi makavu, au ingiza gilasi ndani yake.

Kuhusu kanuni ya 60, 30 na 10, namheshimu shemeji, na kanuni hiyo humsaidia anayeanza na chumba kitupu asipotee. Kwako haitafaa sana. Una kijivu na nyeupe, na ukiongeza asilimia 10 za manjano kali utapata tena kile ulichokilalamikia, sebule ya kijivu yenye kitu kipya katikati. Rangi ya shaba, ya udongo na ya sufu ziko jamaa moja, na zikisambazwa pembe tatu za chumba zitafanya kazi ambayo mto mmoja wa manjano hauwezi.

Jora Moja

Naongezea hapo: blanketi hilo la sufu lisikunjwe sawasawa juu ya mgongo wa kochi kama dukani. Dukani tunalikunja ili mteja aone ukubwa na upindo wake. Nyumbani litupie upande mmoja, na upande wa pili wa kochi ubaki mtupu.

Ukuta Mweupe

Shukrani. La mwisho: kioo nikitundike kwa urefu gani, na je, ni adabu kumwomba mama yule anikabidhi vitu nikavijaribu nyumbani kabla ya kulipa?

Mleta mada

Kwa picha na vioo vya kawaida, katikati yake ikae kati ya sentimita 145 na 150 kutoka sakafuni, ambako ni karibu na usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama. Kikiwa juu ya kochi, shusha hadi ukingo wake wa chini uwe sentimita 15 au 20 juu ya mgongo wa kochi, hata kama katikati yake itapungua kidogo, kwa sababu kioo kilichoachwa mbali juu ya kochi huonekana kama kimekosea chumba. Hakikisha pia msumari unalingana na uzito. Fremu ya shaba na kioo cha zamani havitaki msumari mmoja wa picha.

Kumwomba akuazime si utovu wa adabu hata kidogo. Wengi wao hukubali ukiacha malipo kama dhamana, mradi muandikiane kwenye risiti siku ya mwisho ya kurudisha na hali ya kila kitu, yale madoa ya kioo yakiwemo, ili asije akasema umeyaleta wewe. Mwombe na chombo cha pili cha udongo chenye kimo tofauti, kwa kuwa kimo ndicho kitu kisichojulikana mpaka uone mezani kwako. Kisha viangalie asubuhi, mchana na usiku taa zikiwa zimewashwa, halafu uturudishie majibu hapa pamoja na picha zisizorekebishwa.